Sura ya Sita: Maji Yaliyofika Mapema

Daktari Intizor alitandaza karatasi zake juu ya boneti ya gari la Inspekta Ollabergan, akazikandamiza kwa mawe manne upepo wa Aprili usizichukue, kisha akasema neno ambalo Inspekta alikuwa amelisubiri kwa siku sita.

"Mirabu wako hakuiba maji."

"Si mirabu wangu. Ni mshitakiwa wangu," alijibu Inspekta. "Haya, endelea."

Mbele yao lilikuwa shamba la Sanamjon, hekta sita, jeupe kama lililomwagiwa unga. Miche ya pamba ilikuwa imeota, ikachungulia dunia, ikafa. Pale kijijini Oqyop chumvi hupanda kutoka ardhini kila mwaka, na kila mwaka mwishoni mwa baridi watu huyakata mashamba yao majaruba na kuyafurisha maji mara tatu. Maji hushuka, hubeba chumvi, hutokea kwenye mtaro na kwenda zake jangwani. Anayefungua na kufunga maji hayo ni mirabu, na kila zamu huiandika daftarini. Mirabu wa Oqyop alikuwa mzee Matyoqub, mwaka wake wa thelathini na moja katika kazi hiyo.

Daftari la mzee lilisema Sanamjon alipata zamu zake zote tatu. Sanamjon alisema alipata moja, mbili ziliuzwa. Faili lilitakiwa liwe kwa mwendesha mashtaka kesho saa sita mchana, na hati ya mashtaka ilikuwa imekwisha chapwa, imebaki saini ya Inspekta tu. Wizi wa maji huko hauna masihara. Mzee angekwenda jela miaka miwili, na jina lake lingebaki la kutemewa mate mpaka kwa wajukuu zake. Naye mwenyewe, kila alipohojiwa, alisema maneno mawili, "Maji nilitoa," halafu akanyamaza kama aliyeshonwa mdomo.

Kilichomkaba zaidi ni daftari lile lile. Baada ya kila zamu Matyoqub alikuwa na desturi ya kushuka mtaroni, kuteka maji kwa kiganja, kuonja, na kuandika neno moja. Zamu ya kwanza aliandika "chungu", yaani maji ya chumvi. Ya pili, "tamu". Ya tatu, "tamu". Mwendesha mashtaka alifurahi kama aliyeokota mkufu. Kama maji ya mtaroni yalikuwa matamu, alisema, basi shamba halikuoshwa, na kama halikuoshwa, maji hayakutolewa. Mzee alijiandikia kifungo kwa mkono wake. Hata Inspekta Ollabergan, ambaye si mtu wa kuamini haraka, alikuwa ameanza kuamini.

Ndipo alipomkumbuka huyu mama wa chuo cha Urganch. Intizor alikuwa amefukia mabomba membamba katika mashamba ya Oqyop tangu miaka miwili iliyopita, anapima kina cha maji ya ardhini, akijenga kile alichokiita modeli. Inspekta alipoambiwa modeli alitarajia kijishamba cha udongo chenye vijitaro vya kuchezea, akavaa hata miwani ili akitazame vizuri. Akaletewa kurasa kumi na moja za milinganyo. Alikiri kwa uungwana kwamba ameelewa namba za kurasa.

"Leo nimekuletea picha," alisema Intizor. "Mstari mwekundu ni hesabu yangu, yaani mtaro ulivyopaswa kutiririka. Wa buluu ni kile kilichopimwa kweli na kifaa cha idara ya maji pale mdomoni mwa mtaro. Tazama zamu ya kwanza, tarehe nne Februari."

Mistari miwili ilipanda pamoja na kushuka pamoja.

"Sasa zamu ya pili, tarehe ishirini na nne."

Mstari mwekundu ulilala chini siku tatu, ukaanza kupanda siku ya nne, ukafika kileleni siku ya tisa. Wa buluu ulirukia juu alasiri ile ile maji yalipofunguliwa, na siku ya tatu ulikuwa umekwisha. Zamu ya tatu ilikuwa hivyo hivyo.

"Maji yalifika mapema," alisema Inspekta.

"Mapema mno. Na huu ni udongo mzito, Inspekta. Maji mapya hayawezi kuyaruka ya zamani. Huyasukuma mbele yake, na ya zamani yana chumvi. Kwa hiyo mtaro lazima uanze kutoa uchungu, tena siku nyingi, ndipo utamu uje."

"Na ukianza kwa utamu?"

"Hayakupita kwenye udongo. Yalitafuta njia ya mkato. Kuna tundu mahali." Akagonga karatasi kwa kalamu. "Maji yalitolewa yote, mita za ujazo elfu kumi na mbili kila zamu, na kifaa kimeyaona yakipita. Hayakuuzwa. Yalikimbia."

Inspekta aliitazama picha ile, na furaha ikampanda polepole, furaha ya mtu wa kazi aliyeona fundo linaanza kulegea. Neno "tamu" lililokuwa linamfunga mzee lilikuwa limegeuka kuwa shahidi wake. Akamwambia Intizor kwamba katika polisi wote wa wilaya hajapata kuona kichwa kama hicho.

"Usinisifu," alisema Intizor. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hapa maji ni balaa tayari."

"Basi sikusifu. Nitafutie tundu, maana mwendesha mashtaka hasomi milinganyo."

"Mimi natafuta namba. Tundu ni kazi ya polisi."

Hata hivyo alimpunguzia kazi. Zamu ya kwanza ilikwenda sawa, kwa hiyo tundu lilifunguka kati ya tarehe nne na tarehe ishirini na nne Februari. Tena, kati ya mabomba yake matano yaliyofuata mtaro, lile la kaskazini ndilo lililoonyesha maji yameshuka ghafla. Tundu lilikuwa katika mita themanini za mwisho za tuta linalotenga shamba na mtaro. Wakazitembea mita zile mara mbili, kwenda na kurudi. Tuta lilikuwa limefunikwa na matete makavu na mabonge ya udongo ambayo mvua ilikuwa imeyalainisha, na hawakuona kitu cha maana isipokuwa kiatu kimoja cha mpira.

Mwisho wa mita themanini, ng'ambo ya kijinjia, palikuwa na bwawa la samaki la jirani, Ruzimboy. Bwawa lilikuwa jipya. Inspekta alilitazama, akamtazama Intizor, akapiga hodi.

Ruzimboy alitoka amevaa kanzu ya pamba iliyoshonwa kwa mistari, uso wake ukiwa wa mtu anayejua ameitiwa nini. Alianza kuulizia afya ya Inspekta, ya watoto wa Inspekta, na ya gari la Inspekta.

"Bwawa ulichimba lini?"

"Sikuchimba mimi, kaka."

"Samaki walijichimbia?"

Ruzimboy alikiri kwamba hana kibali, na kwamba alichimba kwa tingatinga. Lakini tingatinga lilikuja tarehe ishirini na tano Machi, baada ya sikukuu ya mwaka mpya ambayo huko huangukia mwezi huo, na alikuwa na picha ya simu ambayo shemeji yake ameketi juu ya tingatinga kama bwana harusi, siku imeandikwa chini yake. Inspekta hakuridhika na picha. Aliinama, akachota maji ya bwawa, akaonja, akatema. Yalikuwa machungu kama dawa. Kama maji matamu ya Sanamjon yangekuwa yanapenya kuja huku, samaki wa Ruzimboy wangenenepa, na wale aliowaona walikuwa wamekonda kama sindano za kushonea magunia. Akamwambia aende akatafute kibali, akamfuta katika orodha. Ruzimboy alishukuru mara tatu, halafu akapanda juu ya ukuta wake kuangalia kitakachofuata.

Adhuhuri Sanamjon aliwaita ndani kula. Alikuwa amemshitaki mirabu, lakini mgeni ni mgeni. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mume wake anajenga maghorofa Urusi, na shamba lile lilikuwa la kwanza kukodishwa kwa jina lake mwenyewe. Alimnyonyesha mtoto huku akijibu maswali, kwa sauti ya mtu aliyekwisha yajibu mara nyingi. Inspekta aliuliza kama aliona kwa macho yake kwamba zamu ya pili na ya tatu hazikuja.

"Ya kwanza niliiona, nilisimama tutani na tumbo langu hili. Tarehe nane nikajifungua. Baada ya hapo nilikuwa ndani ya arobaini. Ningeonaje?"

"Kwa hiyo ulijuaje kwamba hayakuja?"

"Nilitoka arobaini nikaliona shamba jeupe. Nikaomba daftari lake. Ameandika mtaro mtamu. Sihitaji chuo cha Urganch kunitafsiria."

Inspekta aliandika: hakuona. Hakumlaumu. Mwanamke aliyejifungua hatoki nje siku arobaini, na hakuna wa kumwambia avunje mila kwa sababu ya mtaro.

Mama mkwe wake, Bikajon, aliingia na sinia. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, mdogo wa mwili, mikono yake ikiwa na madoa ya rangi ya sufu, kwa kuwa hadi leo hufuma mazulia. Mumewe marehemu ndiye aliyekuwa mirabu kabla ya Matyoqub. Ilikuwa Alhamisi, siku ambayo huko hupikwa pilau, na sinia lilikuwa la pilau, wali umelala juu ya karoti za manjano, nyama juu yake, na kando bakuli za chai ya kijani. Inspekta Ollabergan alikuwa na udhaifu mmoja aliojulikana nao wilaya nzima, akanyoosha kijiko bila kujifanya. Alitafuna. Akatafuna tena, polepole zaidi.

"Mama," alisema, "hizi karoti umezitoa wapi? Huu ni mwezi wa nne. Kwangu zote zimeoza tangu Februari. Hizi bado tamu kama za juzi."

Bikajon alicheka kwa raha, mkono ukiwa mdomoni. "Karoti hutaka pakavu, mwanangu. Nyie mnazifukia uani, na uani ukichimba kiuno tu unakuta maji. Pakavu katika Oqyop ni mahali pamoja tu."

"Wapi?"

"Kwenye tuta la mtaro. Ardhi imeinuka pale. Mume wangu alizifukia tuta la ng'ambo miaka yote. Kabla ya baridi iliyopita mashine ya kusafisha mtaro ikalichota tuta lile, nikahamia huku kwetu. Nimechimba mwenyewe, nikatandika mabua na mikeka ya matete."

"Na shimo ulilifungua lini?"

"Siku ya sherehe ya kumlaza mtoto kitandani mwake kwa mara ya kwanza. Alipotimiza siku kumi na moja. Wageni mia mbili, sufuria tatu za pilau. Nilizitoa karibu zote, nikabakiza hizi, nikaziweka ndani kwenye mchanga mkavu." Alimtazama mjukuu wake kwa fahari. "Kila mtu alishiba."

Siku kumi na moja tangu tarehe nane ilikuwa tarehe kumi na tisa Februari. Inspekta aliona Intizor ameacha kula. Shimo lililojaa karoti na kushindiliwa udongo lilikuwa limevumilia zamu ya kwanza. Lilipobaki tupu, limefunikwa mkeka na mabonge mawili matatu, zamu ya pili ikalikuta mdomo wazi. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, akaweka kijiko chini. Alitaka sana awe amekosea.

Alimwomba Bikajon pakiti moja ya rangi nyekundu ya sufu. Bikajon alimpa mbili, akamwambia ya bei nafuu ndiyo inayokolea zaidi.

Alituma mtu amwite Matyoqub aje na ufunguo wa mlango wa mfereji. Mzee alikuja kwa baiskeli, mrefu, amenyooka, kofia ya manyoya kichwani ingawa jua lilikuwa kali. Inspekta alimwagiza afurishe jaruba moja tu, la mwisho kaskazini, na Intizor akamwaga pakiti zote mbili za rangi. Jaruba likawa jekundu. Kisha wakasimama kando ya mtaro, Intizor saa mkononi. Alieleza kwamba kama tuta ni zima, rangi hawataiona leo wala kesho. Matyoqub hakutazama mtaro. Alitazama ng'ambo, lilipokuwa tuta la zamani.

Dakika ya ishirini na mbili, uzi mwekundu ulijitokeza chini ya matete, ukapanuka, ukateremka na mkondo.

Inspekta alivua koti, akachukua sepeto, akapanda juu tu ya pale ulipotokea uzi. Hakuchimba sana. Alikuta kipande cha mkeka wa matete, mabua yaliyooza, na karoti moja ya manjano, ambayo maji yalikuwa yameikokota hadi kwenye koo la tundu. Aliishika mkononi akamgeukia mzee.

"Ulijua."

"Zamu ya pili nilidhani ulimi wangu umezeeka," alisema Matyoqub. "Ya tatu nilifuata utamu hadi hapa. Nikaona mkeka wa matete wa mama Bikajon. Hakuna mwingine anayesuka mkeka namna hiyo."

"Na ukakaa kimya. Ungefungwa, mzee."

"Miaka miwili nitaimaliza. Mume wake ndiye aliyenifundisha kuonja maji. Nilikula kwenye sinia la mama huyu miaka saba, sijawahi kuulizwa nilileta nini. Nimwambie nini? Kwamba ameua pamba ya kwanza ya mkwe wake? Ana miaka themanini na mmoja. Aibu ingemmaliza kabla sijafika mahakamani."

Katika miaka yake ya kazi Inspekta alikuwa ameona wanaume wakiongopa ili wasifungwe, na huyu alikuwa wa kwanza kunyamaza ili afungwe. Alimheshimu sana saa ile, na alimkasirikia vile vile.

Walikuwa hawajageuka bado waliposikia nyayo. Sanamjon alikuwa amesimama nyuma yao na mtoto mgongoni, na hatua mbili nyuma yake, Bikajon. Walikuwa wamefuata kuona rangi itatumika kufanya nini. Bikajon alitazama maji mekundu, akatazama karoti mkononi mwa Inspekta, na hakuhitaji kueleweshwa. Mke wa mirabu kwa miaka thelathini anajua maji yanakwenda wapi.

"Hiyo ni yangu," alisema. Kisha akamgeukia mkwewe. "Mwanangu, pamba yako nimeiua mimi."

Ruzimboy juu ya ukuta wake aliacha kutafuna mbegu. Inspekta alikuwa ameingia katika nyumba nyingi, na alijua nyumba huvunjikaje. Haivunjwi na kipigo. Huvunjwa na neno moja linalokumbushwa kila penye sinia. Alimwangalia Sanamjon, akaona taya zimekaza, macho yako kwenye zile hekta sita nyeupe.

"Inspekta," alisema Sanamjon, "utaandika?"

"Lazima. Sababu ya hasara, na shimo ni la nani."

"Andika langu."

"Dada, elewa unachosema. Nikiandika lako, mzee anatoka katika kesi leo. Lakini shauri linakuwa uzembe wa mkodishaji. Watakuita, watakuuliza."

"Shamba liko kwa jina langu. Tuta ni la shamba. Basi shimo ni langu." Akampandisha mtoto mgongoni. "Wakiniuliza nitawajibu nilijifungua mtoto, watu wakala pilau. Waniambie kosa liko wapi."

Bikajon alianza kulia kimyakimya. Sanamjon alimshika mkono bila kumtazama, jinsi mtu anavyomshika mzee kumvusha mfereji, akaendelea kuushika.

Inspekta aliandika hivyo hivyo, ameegemea boneti, maneno machache, na Sanamjon akatia saini. Intizor akaongeza ile picha ya mistari miwili na kuandika chini yake kwa herufi kubwa, ili hata mwendesha mashtaka aelewe, kwamba zamu tatu zilitolewa. Hati iliyokuwa imechapwa Inspekta aliikunja mara nne, akaitia mfukoni. Haikuwa na kazi tena.

Sanamjon alikwenda hadi mbele ya Matyoqub.

"Nilikuita mwizi mbele ya watu, mzee wangu," alisema, na aliinua sauti imfikie Ruzimboy, kwa sababu neno likimfikia Ruzimboy limefika kijiji kizima. "Mbele ya watu nakuomba radhi."

Matyoqub alivua kofia yake ya manyoya. Aliinamisha kichwa, akaivaa tena. Alilitazama shamba jinsi fundi anavyotazama kitu kilichovunjika ambacho bado kinafaa.

"Pamba imekwisha, hiyo tusidanganyane," alisema. "Lakini mtama unastahimili, na bado kuna wiki tatu za kuupanda. Shimo lizibwe leo, lishindiliwe vizuri. Keshokutwa asubuhi nawapa maji."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Safari hii nitasimama hapa kuhesabu," alisema Sanamjon.

"Simama, mwanangu," alisema mzee. "Arobaini imekwisha." Na akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Februari.